Lomachenko: Ushindi Ulioanzia Miguuni

Rekodi ya Vasyl Lomachenko katika ngumi za ridhaa hutajwa kwa hesabu moja: ameshinda mara 396, amepoteza mara 1. Ni hesabu ya kutisha, lakini kwa mtu anayetaka kujua kazi ilifanywaje, haimsaidii sana. Ndani yake mna mapambano ya utotoni na mashindano madogo ambayo wengi wetu hatutayaona kamwe. Naomba tuiweke kando na kutazama hesabu nyingine, ndogo zaidi: 58 kwa 13. Hizo ni pointi alizopata na alizofungwa katika mapambano matano ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, akiwa kijana wa miaka 20 kutoka Bilhorod-Dnistrovskyi, mji wa mkoa wa Odesa kusini mwa Ukraine. Alipigana uzito wa unyoya, kilo 57. Katika zile pointi 13, saba zilitoka kwa mtu mmoja, kwenye pambano la kwanza kabisa. Wapinzani wanne waliofuata waligawana sita.

Sita tu. Na hawakuwa watu wa kuokoteza. Bahodirjon Sultonov wa Uzbekistan alikuwa na medali ya shaba ya Athens 2004. Akaondoka na pointi 1 dhidi ya 13. Li Yang alikuwa nyumbani kwake China, uwanja mzima ukimshangilia. Akapata 3 dhidi ya 12. Yakup Kılıç wa Uturuki alipata 1 dhidi ya 10. Khedafi Djelkhir wa Ufaransa, kwenye fainali, alikuwa nyuma 9 kwa 1 mwamuzi aliposimamisha pambano, na raundi ya kwanza ilikuwa bado haijaisha.

Jibu la haraka ni kwamba alikuwa na mikono ya kasi. Alikuwa nayo, ila Olimpiki imejaa mabondia wenye mikono ya kasi, na wengi wao hurudi kwao mapema. Kilichomtenga Lomachenko na wenzake kilikuwa chini ya kiuno. Kabla ngumi haijatoka, yeye alikuwa ameshashinda mahali pa kusimama. Ngumi ilikuja baadaye, kukusanya kilichokwisha kupatikana.

Ili kuliona hilo vizuri, lazima tuijue mashine iliyokuwa inahesabu. Katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Roy Jones wa Marekani alimpiga Park Si-hun wa Korea Kusini ngumi 86 dhidi ya 32, na majaji watatu kati ya watano wakampa ushindi Park. Aibu ile ndiyo iliyoleta kompyuta kwenye ngumi za ridhaa. (Wakenya wanaikumbuka Seoul kwa jambo jingine: ndiko Robert Wangila alikochukua dhahabu pekee ya Kenya katika ndondi za Olimpiki, na yeye hakuwaachia majaji kazi yoyote, kwani fainali yake dhidi ya Laurent Boudouani wa Ufaransa aliimaliza kwa KO raundi ya pili.) Tangu Barcelona 1992, majaji watano wa Olimpiki walikaa pembeni mwa ulingo wakiwa na vitufe, chekundu na cha buluu. Ngumi ilihesabiwa pale tu majaji watatu walipobonyeza kitufe kimoja ndani ya sekunde moja.

Fikiria maana yake kwa anayepigana. Haitoshi kupiga. Lazima upige mahali ambapo watu watatu, walioketi pande tofauti za ulingo, watakuona kwa wakati mmoja. Mabondia wawili wakisimama kifua kwa kifua na kutwangana, jaji mmoja anaona mgongo, mwingine anaona viwiko, wa tatu anaona glovu nne zimechanganyika, hakuna anayebonyeza. Ngumi tano za haraka mfululizo mara nyingi zilizaa pointi moja, au zisizae kitu, kwa kuwa kidole cha jaji hakina kasi ya mkono wa bondia. Ngumi za mwilini ndizo zilizoonewa zaidi: zinauma, zinachosha, lakini vitufe vilikuwa vizito kuzitambua. Mashine ilipenda ngumi moja safi, ya kichwani, inayotua wakati mikono ya mpinzani iko mbali na macho yake yanatazama kwingine.

Wengi waliizoea mashine hiyo kwa kucheza mbali, kuchomoa jebu moja na kurudi nyuma. Ulikuwa mtindo unaochosha kuutazama. Lomachenko alichagua njia ngumu zaidi. Alikaa karibu, kwenye umbali ambao yeyote angeweza kupigwa, kisha akahama upande badala ya kurudi nyuma.

Hapa ndipo watu hupenda kuleta kisa cha ngoma. Baba yake, Anatoly Lomachenko, ambaye ndiye aliyekuwa kocha wake, alimtoa kwenye ngumi akiwa mtoto na kumpeleka akajifunze ngoma za asili za Ukraine kwa miaka kadhaa kabla ya kumrudisha ulingoni. Ni kweli, na ni kisa kizuri. Ila kinasimuliwa kana kwamba ngoma peke yake ilitosha, na hapo nakataa. Ngoma ilimpa miguu inayotii, magoti yanayokunjuka bila mwili kuyumba, na uwezo wa kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine bila kuufikiria. Haikumwambia auweke wapi mguu huo. Hilo lilitoka kwa baba na kwa mazoezi ya miaka mingi, ambayo baadhi yake hayakufanana na ngumi hata kidogo: kurusha na kudaka mipira midogo, kuupiga mpira wa tenisi uliofungwa kwa uzi kwenye mkanda wa kichwani, michezo ya kutafuta tarakimu kwa haraka ili akili isichelewe mwili ukichoka.

Sasa tuingie ulingoni tutazame hatua yenyewe. Lomachenko ni mashoto: anatanguliza mguu wa kulia na mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukiwa nyuma. Mpinzani wa kawaida hutanguliza mguu wa kushoto. Kwa hiyo miguu yao ya mbele inakutana uso kwa uso, karibu kukanyagana, na hapo ndipo vita vinapoanza. Kila kocha wa mashoto hufundisha kwamba mguu wako wa mbele uwe nje ya mguu wa mbele wa mpinzani. Lomachenko alifanya hivyo, kisha akaongeza hatua ya pili, na hiyo ndiyo iliyowaangamiza wenzake.

Mkono wake wa kulia unatangulia, mara nyingi bila nia ya kuumiza. Unagusa glovu ya kushoto ya mpinzani, unaishusha kidogo, unamfunika macho kwa nukta moja. Wakati huohuo mguu wa kulia unatua nje ya mguu wa kushoto wa mpinzani, si mbele yake bali pembeni na kidogo nyuma ya mstari wa vidole vyake. Mkono wa kushoto unapita katikati na kugonga uso. Bondia wa kawaida angeishia hapo na kujitoa. Yeye anauegemea ule mguu wa kulia, anageuka juu ya ncha yake, na mguu wa kushoto unazunguka nyuma hadi anajikuta amesimama kando ya bega la kushoto la mpinzani, akimtazama sikio. Ni sawa na kusimama ubavuni mwa mlango badala ya mbele yake: aliye ndani lazima atoke nje kwanza ndipo akuone.

Hesabu madhara. Mkono wa kulia wa mpinzani, ambao ndio wa nguvu, sasa uko mbali na lazima uvuke kifua chake mwenyewe kabla ya kumfikia Lomachenko. Mkono wake wa kushoto uko karibu lakini umebanwa, hauna nafasi ya kujikunja. Miguu yake imeelekea mahali ambapo hakuna mtu. Ili apige, lazima kwanza ageuke, na anapogeuka anainua mguu, na mtu aliyeinua mguu hana nguvu wala kinga. Lomachenko anapiga wakati huo wa kugeuka. Ngumi haihitaji uzito mkubwa. Inahitaji kuonekana, na inaonekana, kwa kuwa hakuna ngumi nyingine angani. Mpinzani anapomaliza kugeuka, akiwa na hasira na tayari kulipa, mguu wa kulia wa Mukrania umeshahama tena.

Ndiyo maana nasema mashine na miguu vilikutana. Kwa kuhama upande alitatua matatizo mawili kwa hatua moja: alijitoa kwenye mstari wa ngumi za mwenzake, na aliwapa majaji watatu picha safi ya ngumi yake mwenyewe. Aliyekwepa kwa kurudi nyuma alipata la kwanza tu, kwani alijiondoa pia kwenye umbali wa kupiga.

Ushahidi mzito zaidi uko katika mapambano mawili dhidi ya mtu mmoja. Mwaka 2007, kwenye Mashindano ya Dunia mjini Chicago, Lomachenko akiwa na miaka 19 alifika fainali na kupoteza kwa pointi 16 kwa 11 mbele ya Albert Selimov, wakati huo akipigania Urusi. Ndiyo ile 1 iliyo kwenye rekodi. Takriban miezi tisa baadaye, droo ya Beijing ikawakutanisha kwenye pambano la kwanza, fedha ya dunia dhidi ya dhahabu ya dunia, na mmoja wao alikuwa lazima aende nyumbani. Lomachenko alishinda 14 kwa 7.

Watu hulitazama tokeo hilo kama kisasi. Mimi nalitazama kama hesabu. Muundo wa pambano ulikuwa uleule, raundi nne za dakika mbili, na mashine ilikuwa ileile. Pointi za Lomachenko zilipanda kutoka 11 hadi 14, yaani tatu tu. Pointi za Selimov zilishuka kutoka 16 hadi 7, yaani tisa. Sehemu kubwa ya mabadiliko haikuwa katika kupiga zaidi. Ilikuwa katika kutokuwepo pale ngumi za Selimov zilipofika. Kocha mwingine, kijana wake akifungwa 16, angemwambia aongeze kasi na arushe ngumi nyingi zaidi. Anatoly na mwanawe walifanya kazi upande wa pili wa hesabu. Kwa maoni yangu, huo ndio uamuzi uliojenga kila kilichofuata.

Pambano hilo lilipopita, wengine wakawa wepesi, kama zile pointi sita zinavyoonyesha. Mwisho wa mashindano alipewa Kombe la Val Barker, tuzo ya bondia bora wa Olimpiki nzima, akiwapita mabondia wa uzito wote. Mwaka huohuo akachukua ubingwa wa Ulaya mjini Liverpool, na mwaka 2009 ubingwa wa Dunia mjini Milan.

Kuanzia 2009, ngumi za ridhaa zilibadilika na kuwa raundi tatu za dakika tatu. Dakika moja zaidi kwa jumla inaonekana ndogo, lakini ndani ya raundi ni jambo kubwa. Raundi ya dakika mbili humnufaisha anayewahi. Anachota pointi mbili tatu, kisha anakimbia hadi kengele. Raundi ya dakika tatu ina muda wa kusoma, kujaribu, kukosea na kurekebisha. Lomachenko ni msomaji, na dakika ya tatu ya raundi ikawa yake, mpinzani akiwa tayari amegeuzwa mara nyingi kiasi kwamba miguu yake inachelewa.

Badiliko la pili lilimgusa moja kwa moja. Ili wanawake waingie katika ndondi za Olimpiki ya London, hatua iliyokuwa imecheleweshwa mno, idadi ya uzito wa wanaume ilipunguzwa kutoka 11 hadi 10, na uzito wa kilo 57 ukafutwa. Bingwa wa Olimpiki akawa hana uzito. Kilo 56 kungekuwa kujikausha. Akapanda hadi 60, uzito mwepesi. Kilo tatu kwa mtu wa umbo lake si mchezo. Huko juu kuna mikono mirefu, na mabondia ambao hata ukiwahama, wanakufikia.

Mashindano ya Dunia ya Baku mwaka 2011 yalimwonyesha hivyo waziwazi. Dhidi ya Robson Conceição wa Brazil, ushindi ulitangazwa kwanza kwa Mbrazili huyo kwa tofauti ya pointi moja. Ukraine ikakata rufaa, matokeo yakapinduliwa, na Lomachenko akasonga mbele. Alikwenda kuchukua dhahabu kwa kumshinda Yasniel Toledo wa Cuba kwenye fainali. Ukraine yote iling'ara pale, kwani Oleksandr Usyk, Taras Shelestyuk na Yevhen Khytrov nao walichukua dhahabu. Lakini anayetaka kumwelewa Lomachenko asiliruke lile pambano la Conceição. Rufaa inaweza kuwa ilikuwa ya haki. Hata hivyo, bondia anayefungwa pointi 6 na watu wanne Beijing hafiki mahali pa kuhitaji rufaa isipokuwa kitu kimebadilika. Conceição hakuwa wa kubahatisha pia: mwaka 2016 alichukua dhahabu ya Olimpiki katika uzito huohuo, nyumbani kwao Brazil.

London 2012 inatupa hesabu ya kulinganisha na Beijing. Alimpiga Wellington Arias wa Jamhuri ya Dominika 15 kwa 3, Félix Verdejo wa Puerto Rico 14 kwa 9, Toledo tena kwa 14 kwa 11, na Han Soon-chul wa Korea Kusini 19 kwa 9 kwenye fainali. Jumla ni 62 kwa 32. Beijing alifungwa wastani usiofika pointi 3 kwa pambano. London alifungwa 8.

Sehemu ya tofauti hiyo ni ya mashine. Kufikia London lile sharti la sekunde moja lilikuwa limeondolewa. Kila jaji alihesabu kivyake na wastani ukachukuliwa kwa majaji watatu waliokaribiana, hivyo pointi za kila mtu zilipanda. Pambano nalo lilikuwa refu zaidi kwa dakika moja. Lakini hata ukiondoa hayo, zile 11 za Toledo na 9 za Verdejo zinasema kwamba kwa kilo 60 alikuwa anaguswa. Na tazama alivyolipa: wastani wa pointi zake mwenyewe ulipanda kutoka kati ya 11 na 12 Beijing hadi 15 na nusu London. Alijua hawezi tena kuwa kivuli, akakubali kuguswa kidogo ili apige zaidi. Badala ya kugonga mara moja na kuhama, alihama, akagonga, akahama tena kidogo na kugonga tena kabla hajajitoa. Beijing alikuwa mjanja zaidi. London, kwa kipimo changu, alikuwa bondia mkubwa zaidi, maana alishinda bila ile faida ya umbo na bila mfumo wa pointi aliouzoea. Kombe la Val Barker lilikwenda kwa Serik Sapiyev wa Kazakhstan safari hiyo, na sina ugomvi na hilo.

Baada ya London alipigana katika ligi ya World Series of Boxing na timu ya Ukraine Otamans, raundi tano bila kofia ya kinga, akashinda mapambano yote sita. Kisha, Oktoba 2013, akaingia ngumi za kulipwa. Katika pambano lake la pili, Machi 2014, alikutana na Orlando Salido wa Mexico, mkongwe aliyeshindwa kushuka hadi uzito uliokubaliwa lakini akapanda ulingoni akiwa mzito na mwenye hila. Salido alifanya kile ambacho mashine ya ridhaa haikuwahi kukilipa: alimpiga mwilini, juu na chini ya mkanda, akamkumbatia, akamlalia, akaukamata mwili uliokuwa umezoea kuzunguka. Lomachenko alipoteza kwa majaji kugawanyika. Mtu asiyekamatika kwa miaka alikamatwa kwa sababu mpinzani aliacha kukitafuta kichwa. Miezi mitatu baadaye alimshinda Gary Russell Jr. na kuwa bingwa wa WBO, na yale ya kulipwa ni uchambuzi wa siku nyingine.

Mashine ile ya vitufe ilistaafishwa mwaka 2013, na kofia za kinga zikaondolewa kwa wanaume. Leo majaji wa ridhaa hutoa alama kumi kwa mshindi wa raundi. Wapo wanaosema kwa hiyo Lomachenko wa Beijing ni wa makumbusho. Sikubaliani. Jaji wa alama kumi naye ana macho mawili, naye anaona zaidi ngumi moja safi kuliko glovu nne zilizochanganyika.

Makocha wa ngumi za ridhaa, ninyi mnaofundisha vijana kwenye kumbi zenye begi moja na jozi mbili za glovu: miguu haihitaji vifaa. Chora mstari sakafuni kwa chaki, mpange kijana mbele ya mwenzake, na umkataze kurusha ngumi yoyote mpaka mguu wake umetua nje ya mguu wa mwenzake. Kisha tafuteni video ya fainali ya Beijing, Lomachenko na Djelkhir, ni fupi, haifiki hata dakika mbili. Itazameni mara ya kwanza kama kawaida. Mara ya pili, chukueni karatasi mfunike nusu ya juu ya kioo, mtazame miguu peke yake.